Sekunde za kutulia: niliyojifunza nikipima dawa za sonona kwa panya

Ukiondoa maneno makubwa yote ya kwenye ripoti, kitu tunachopima ni sekunde. Panya mdogo wa gramu ishirini na kitu anawekwa kwenye chombo kirefu cha duara chenye maji, hakuna pa kutokea, mwanzoni anahangaika kwelikweli, anaogelea, anakwangua ukuta, halafu muda unavyoenda anaanza kutulia, anaelea tu na kusogeza mguu wa nyuma kidogo ili pua ibaki juu ya maji. We umekaa na stopwochi, au kamera inarekodi na video utaiangalia baadaye, unahesabu katulia sekunde ngapi. Jaribio zima ni dakika 6 na kwa panya wadogo tunahesabu zile 4 za mwisho, manake 2 za mwanzo karibu wote wanahangaika sawa. Aliyepewa dawa ya sonona inayojulikana anatulia muda mfupi kuliko aliyepewa maji ya chumvi. Basi, hapo ndo mwisho wa kipimo. Roger Porsolt na wenzake walikichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1977 na tangu hapo kimetumika duniani kote kuchuja dawa.

Nimeifanya kazi hii miaka ya kutosha kuipenda na kuitilia mashaka kwa wakati mmoja. Ninachoamini ni hiki: kipimo kama hiki kinasema kitu kidogo lakini cha kweli, shida inaanza pale sisi tunapotaka kiseme kikubwa.

Kila mtu anayesikia kazi yangu anauliza, hivi panya naye anapata sonona? Ni swali zuri na linastahili jibu la maana. Mtu mwenye sonona anaweza kukwambia anajiona hafai, anajilaumu kwa mambo ambayo si yake, anaona kesho haina maana, anafikiria kufa. Panya hana namna ya kukwambia hayo na hakuna kifaa cha kumuuliza. Tulichonacho ni vipande: anakula au hali, analala vipi, bado anakipenda kitu kitamu au kimepoteza ladha kwake, anajitahidi kwa muda gani kabla ya kuacha. Porsolt aliuona ule utulivu wa kwenye maji kama kukata tamaa, na hilo jina likashika kwa sababu linagusa moyo, ukimwangalia yule mnyama anaelea na wewe unamjua mgonjwa aliyelala kitandani wiki nzima, ni rahisi sana kuwaona wamefanana.

Ila ukae ukiwaangalia kwa muda mrefu. Kwa panya wakubwa, ambao ni aina nyingine ya panya na si wale wadogo waliokua, utaratibu ni wa siku mbili, siku ya kwanza dakika 15 kwenye maji, kesho yake dakika 5 ndo za kuhesabu. Ile siku ya pili wanatulia mapema zaidi. Mtu anaweza kusema wamekata tamaa zaidi, lakini kuna maelezo mengine ambayo mimi binafsi yananiingia akilini kuliko hayo: wamejifunza. Jana walizunguka chombo chote hakuna mlango, na mwisho mkono ukaja ukawatoa. Kwa nini achoke bure? Kuelea na kusubiri ni uamuzi mzuri kabisa kwa mnyama aliye kwenye hali ile, anaokoa nguvu. Wapo watafiti walioandika wazi kwamba utulivu ule ni kuzoea hali na si ugonjwa, na kadiri nilivyozidi kuangalia video ndivyo nilivyozidi kuelekea upande wao. Kwa hiyo dawa inayomfanya aendelee kuhangaika haimaanishi imemponya huzuni. Inamaanisha imebadilisha jinsi anavyoitikia stresi ya dakika chache. Hilo nalo lina thamani yake, ila ni kitu kingine.

Sasa kama hatuna uhakika panya anahisi nini, kwa nini kipimo kilikubalika? Kwa sababu kilikuwa kinatambua dawa. Hapa historia inasaidia sana kuelewa. Dawa za kwanza za sonona hazikutoka kwa panya. Iproniazidi ilikuwa inatumika kwa wagonjwa wa kifua kikuu, madaktari wakaona wagonjwa wanachangamka kupita kawaida. Imipramini ilikuwa inajaribiwa kwa magonjwa mengine ya akili, na Roland Kuhn, daktari wa Uswisi, akaona inawainua watu wenye sonona, akaandika 1957. Yaani ni macho ya madaktari na wagonjwa wenyewe. Vipimo vya panya vilikuja baadaye, na vilipimwa kwa kuangalia kama vinaweza kuzitambua zile dawa zilizokwisha julikana. Ni kama kutengeneza chujio kwa ukubwa wa punje ulizonazo tayari, litashika punje za ukubwa huo vizuri sana, lakini mbegu ya aina nyingine kabisa inaweza ikapita usiione, na kokoto lenye ukubwa uleule likabaki ukadhani ni nafaka.

Kokoto nimeliona kwa macho yangu. Tulipata kemikali mpya kwenye maabara, siwezi kusema ya nani, na kwenye maji ikapunguza utulivu vizuri mno, panya wanaogelea tu hawachoki, nafasi kati yao na kundi la kulinganisha ilikuwa inaonekana bila hata kupiga hesabu. Watu walifurahi na nawaelewa. Lakini kwenye kazi hii kuna kipimo kingine ambacho lazima kiende sambamba, uwanja wa wazi, boksi la mraba lisilo na kitu, panya anawekwa humo na kamera inafuatilia ametembea umbali gani. Wale wa dozi ileile, kwa muda uleule baada ya sindano, walikuwa wanakimbia huku na huku bila kupumzika. Ile haikuwa dalili ya dawa ya sonona, ilikuwa dawa ya kuchangamsha mwili mzima. Amfetamini inapunguza utulivu kwenye maji, hata kafeini inaweza, na hakuna anayezihesabu kuwa tiba ya sonona kwa sababu hiyo. Kinyume chake pia kipo, dawa inayolegeza misuli au kuleta usingizi itamfanya panya atulie zaidi na unaweza kukitupa kitu ambacho kwa dozi ndogo kingekuwa na faida. Tangu hapo mtu akiniletea matokeo ya maji peke yake bila uwanja wa wazi huwa nayaweka pembeni mpaka alete yote mawili, haijalishi ni mkubwa kiasi gani.

Kuna kitu kimoja kwenye maji kilichonifanya niuheshimu mwili wa panya. Mwaka 1995 Detke, Lucki na wenzao waliongeza kina cha maji na wakaacha kuuliza tu ametulia au hajatulia, wakawa wanaandika kila baada ya sekunde 5 anafanya nini: anaogelea, anapanda ukuta, au ametulia. Kumbe dawa zinagawanyika. Zile zinazoongeza serotonini, kemikali mojawapo ya ubongo, kama fluoksetini zinaongeza kuogelea, na zile za upande wa noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, kama desipramini zinaongeza kupanda ukuta. Kwenye hesabu ya zamani zote zilikuwa kitu kimoja, pungufu ya utulivu. Ukikaa na video ukaona kundi moja linazunguka zunguka na jingine linakwangua ukuta kwa miguu ya mbele, na hujui nani kapewa nini kwa sababu chupa zina namba za siri tu, halafu siri ikifunguliwa unakuta tofauti uliyoiona iko kwenye dawa, ni furaha ambayo siwezi kuielezea vizuri. Na hapo ndo unaona kipimo hiki kina nguvu wapi: kinazungumzia kemia ya ubongo vizuri. Huzuni hakiigusi.

Suala la muda nalo lazima lisemwe. Kwenye utaratibu wa panya wakubwa dawa inatolewa mara tatu ndani ya siku moja, saa 23 na nusu kabla ya jaribio, saa 5 kabla, na saa 1 kabla. Kwa panya wadogo mara nyingi sindano ni moja tu, nusu saa au saa nzima kabla. Na dawa inafanya kazi hapohapo. Mgonjwa anayeanza vidonge anaambiwa avumilie wiki kadhaa kabla hajajisikia tofauti, na zile wiki ni ngumu, nimeziona kwa mtu wa karibu na ninajua jinsi mtu anavyoamka kila asubuhi akijikagua kama kuna kilichobadilika. Kwa hiyo tukimwambia mgonjwa kwamba panya alionyesha dawa inafanya kazi, tunamwambia kitu ambacho si sawa na anachokisubiri.

Ndo maana mimi moyo wangu uko zaidi kwenye vipimo vya polepole. Kile cha maji ya sukari kwa mfano. Panya anapewa chupa mbili, moja maji ya kawaida, nyingine maji yenye sukari asilimia 1 au 2, na mwenye afya anakunywa ya sukari kwa wingi zaidi. Halafu anapitishwa kwenye stresi ndogondogo zisizotabirika kwa wiki nyingi: maranda yaliyolowa, kizimba kilichoinamishwa, taa inawaka usiku, mgeni anawekwa naye. Hakuna hata moja yenye ukali, ni mfululizo wake unaochosha. Paul Willner na wenzake walionyesha 1987 kwamba wanyama hao wanapoteza ile hamu ya kitamu, na dawa ya sonona ikitolewa kwa wiki kadhaa inairudisha taratibu. Hapo unaona kitu kinachokaribia maisha ya watu, uchovu wa muda mrefu, utamu unaopotea, na dawa inayochukua wakati.

Lakini ni kipimo kinachotesa mpimaji. Chupa ikivuja matone machache umepata mnyama anayependa sukari kuliko wote. Lazima ubadilishe upande wa chupa kwa sababu wapo panya wanaopenda kunywa kushoto tu hata uweke nini. Unaweka kizimba kitupu chenye chupa bila panya ili ujue kinachodondoka chenyewe. Ukigusa chupa bila uangalifu unapoirudisha tone linatoka. Na baada ya wiki zote hizo maabara nyingine inarudia utaratibu uleule na haipati kitu. Nimeshuhudia watu wazuri kabisa wakiacha kipimo hiki kwa kuchoka, siwalaumu.

Kuning'inizwa kwa mkia sina mengi ya kusema. Kilianza 1985, ni cha panya wadogo tu kwa sababu wakubwa ni wazito, dakika 6, wazo ni lilelile la kuhesabu utulivu bila maji. Ubaya wake ni kwamba ukoo wa C57BL/6, aina ya panya wa maabara ambayo ndo ipo karibu kila maabara, wana tabia ya kuupanda mkia wao wenyewe, na mnyama aliyepanda mkia hahesabiki. Watu wanavalisha mkia kibomba chepesi cha plastiki kumzuia. Inasaidia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalishikilia kuliko yote: mnyama anayeogopa mikono yako anaharibu data zako. Yaani huruma na sayansi nzuri hapa zinaenda njia moja. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba panya wadogo wanaobebwa kwa kushikwa mkia wanakuwa na wasiwasi zaidi kuliko wanaobebwa ndani ya kibomba au kwenye viganja viwili. Kushika mkia ndo njia niliyofundishwa, ndo karibu kila mtu alifundishwa. Tulipohamia kwenye kibomba mabadiliko yalionekana kwa macho, panya walianza kuja mbele ya kizimba wenyewe badala ya kukimbilia kona ya nyuma. Fikiria sasa unampima dawa ya kubadilisha mwitikio wa stresi kwa mnyama ambaye tayari ana stresi ya mkono wako, utajuaje dawa imefanya nini?

Na si mkono tu. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil la Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilionyesha kwamba harufu ya wanaume, hata ya fulana tu iliyovaliwa, inawapandishia panya stresi kiasi cha kuficha maumivu yao. Miaka mingi kabla, 1999, Crabbe na wenzake walichukua koo zilezile za panya wakazipima kwenye maabara tatu za Marekani na Kanada, vifaa sawa, ratiba sawa, hata saa ya kuanza sawa, na bado baadhi ya matokeo yakatofautiana kati ya maabara na maabara. Nilipoisoma hiyo nilielewa mambo mengi niliyokuwa nayaona. Siku mtu fulani akiwa ndiye anayepima utulivu ni mwingi, akipima mwingine ni mdogo, wote wazoefu, wote waaminifu. Kwa hiyo sasa nasisitiza mtu mmoja apime jaribio lote mwanzo mwisho, makundi yachanganywe kwa bahati nasibu ndani ya siku moja, aliyejaza mabomba ya sindano asiwe anayehesabu, na kwenye ripoti iandikwe nani alipima kama ni mwanaume au mwanamke. Maji nyuzi 23 hadi 25, yabadilishwe kila mnyama kwa sababu wa kwanza anaacha harufu ya hofu na wa pili anaisoma. Kina kiwe cha kutosha mkia usifike chini, akiweza kusimama kwa mkia hapo hupimi tena kuogelea. Macho yasitoke kwenye chombo hata sekunde moja, akianza kuzama unamtoa, hakuna cha kusubiri data. Akitoka anakaushwa kwa taulo na anakaa pa joto mpaka manyoya yakauke. Baada ya jaribio wengi wao wanauawa ili ubongo uchunguzwe, na mimi nataka kila anayeingia kwenye kazi hii alijue hilo siku ya kwanza, kwa lugha ya wazi. Kama uhai wa mnyama unaenda, basi swali lililoulizwa liwe limestahili.

Kuna dawa moja ambayo naitaja kila ninapomfundisha mtu mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na matumaini makubwa ya dawa zinazozuia kipokezi kinachoitwa NK1, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali, kazi yake ilitoka kwenye jarida la Science 1998, ndani yake kuna data za wanyama na jaribio la kwanza la wagonjwa, vyote vinapendeza. Majaribio makubwa ya wagonjwa yaliyofuata hayakuonyesha faida kuliko plasebo, yaani dawa bandia ya kulinganishia. Ile dawa, aprepitanti, leo inatumika kuzuia kutapika kwa wanaotibiwa saratani, na inawasaidia kweli, ila sonona hapana. Ninapoitaja simaanishi wanyama walidanganya. Namaanisha kwamba nyuma ya kila jaribio lililoshindwa kuna watu wenye sonona waliokubali kujiandikisha wakiwa na tumaini, na tumaini lile sehemu yake lilijengwa na sekunde zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu kama milioni 280 wenye sonona. Uchambuzi mkubwa wa 2018 wa Cipriani na wenzake ulipitia majaribio 522 ya dawa 21, zote zikawa bora kuliko plasebo, lakini kwa kiasi cha wastani tu. Wapo wengi ambao hazijawafaa na wanasubiri. Hao ndo ninaowafikiria mtu akitaka kuandika kwamba kemikali yake imetibu sonona kwa panya. Naandika tena mwenyewe: ilipunguza muda wa kutulia kwa dozi hii, kwa ukoo huu, saa moja baada ya sindano.

Kuhusu kipimo cha maji kukataliwa, kwamba jimbo la New South Wales huko Australia lilikipiga marufuku kwa sheria 2024 na kampuni kadhaa za dawa zimekiacha, mimi naunga mkono kwamba kisiitwe tena mfano wa sonona na kisiwe mlango ambao kila kemikali lazima ipite. Wenzangu wengine hawakubali na wana hoja, wanasema ni cha haraka na kina data nyingi za kulinganisha. Ni kweli. Lakini haraka ya miaka zaidi ya arobaini imetuletea dawa nyingi zinazofanana na za zamani, na ile iliyokuja tofauti, ketamini, nafuu yake ya haraka ilionekana kwa wagonjwa wenyewe, utafiti wa 2000 ukiionyesha ndani ya saa na siku badala ya wiki, na esiketamini ya kupuliza puani ikaidhinishwa Marekani 2019.

Siku hizi nguvu zangu nyingi naziweka kwenye kipimo kilichotengenezwa Bristol, Uingereza, na kundi la Emma Robinson, matokeo ya kwanza yalitoka 2013. Panya wakubwa wanafundishwa kuchimba kwenye bakuli kutafuta chakula. Siku fulani akiwa na dawa anajifunza kwamba mchanga wa aina hii una chakula, siku nyingine bila dawa anajifunza aina nyingine, na thamani ya chakula ni ileile kabisa. Halafu anapewa bakuli zote mbili achague. Akiwa alipewa dawa ya sonona anaelekea zaidi kwenye ile aliyojifunza siku ya dawa, kumbukumbu yake imepata rangi nzuri. Na rimonabanti, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Ulaya 2008 kwa sababu iliwaletea watu sonona, inampeleka upande wa pili. Hiyo ndo iliyonishika. Kipimo kinachoona pande zote mbili, inayoinua na inayoangusha, na kinauliza jambo ambalo hata mtu mwenye sonona unaweza kumuuliza, manake na yeye kumbukumbu zake zinaegemea upande wa giza.

Kinachukua siku nyingi kwa kila dawa na hakuna kumtumbukiza mnyama kwenye maji. Panya wanajifunza kwa kasi tofauti, wapo wanaochimba kabla hujaweka bakuli chini vizuri na wapo wa kubembelezwa, na mpimaji lazima awe na subira na mkono uliotulia. Wanafunzi wawili wapya tumewaanzisha humo moja kwa moja, hawajawahi kushika stopwochi ya maji, na wiki hii wanamaliza kufundisha kundi lao la kwanza.